Kujua pa Kukomea: Insha ya Kuusifu Ufundi wa Kukarabati Filamu za Kale

Filamu ya kale inayotazamwa upya nyumbani humfikia mtazamaji ikiwa imepita katika mikono ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale walioitunga na kuipiga, ambao majina yao huandikwa kwa herufi kubwa na kukumbukwa kwa vizazi. Wa pili ni wale waliouchukua ukanda uliochakaa, wakausafisha, wakauunga palipokatika na kuurudishia nuru yake, ambao majina yao, yakitajwa, hupita upesi mwishoni wakati mtazamaji ameshainuka kitini. Kazi ya hawa wa pili huitwa ukarabati wa filamu, nayo ni kazi ya kuzirejesha picha na sauti za filamu karibu kabisa na zilivyokuwa siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Ufundi huu unastahili sifa kwa uvumilivu unaoudai, na unastahili zaidi kwa adabu yake, kwa maana mkarabati hodari hutambulikana kwa kujua pa kukomea.

Ili ufundi huu ueleweke, sharti kwanza ufahamike udhaifu wa kitu unachokishughulikia. Ukanda wa filamu ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa jelatini, yaani utando laini unaotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya utando huo ndimo zilimotandazwa chembe za fedha zinazoijenga picha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 plastiki iliyotumika katika filamu za kumbini ilikuwa nitrati ya selulosi, ambayo picha yake ina mng'ao wa pekee lakini hushika moto kwa urahisi mno, na ikishawaka haizimiki hata kwa maji, kwa sababu huutolea moto oksijeni kutoka ndani yake yenyewe. Asetati iliyochukua nafasi yake haikuwa na hatari hiyo, ila nayo ina maradhi yake: joto na unyevu huivunjavunja, ikaanza kutoa harufu kali ya siki, ikasinyaa na kujikunja, hadi ikafika pahala ambapo hakuna mashine inayoweza kuupitisha ukanda huo bila kuukata. Hasara iliyopatikana ni kubwa. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kuanzia 1912 hadi 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo zilimotolewa mwanzo. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika mambo mengi walisema kweli. Lakini akiba ya filamu huoza, na huoza hata ikiwa imefungiwa kabatini.

Kwa muda mrefu mtazamaji wa nyumbani hakuuona uozo huo, kwa kuwa chombo kilichomletea filamu kilikuwa na ukungu wake chenyewe. Kaseti ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na katika mwongo uliofuata ikaenea duniani kote. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako kumbi za sinema za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilikuwa zimewazoesha watu kutoka jioni kwenda kutazama filamu za Kihindi, Kimisri na Kimarekani, kaseti ndiyo iliyoziingiza sebuleni filamu ambazo wazee walizitazama ujanani mwao, kama vile Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Mara nyingi kaseti hiyo ilikuwa imenakiliwa kutoka kaseti nyingine, na hiyo nayo kutoka nyingine, hata nyuso zikapauka, rangi zikachuruzika nje ya mipaka ya vitu, na nyimbo zikayumba kwa kuchoka kwa utepe. Waliozipenda filamu hizo walizipenda hivyo hivyo, na mapenzi yao yalikuwa ya kweli, ila walichokuwa wakikitazama kilikuwa kivuli cha kivuli. DVD iliyoingia sokoni mwaka 1996, na baada yake diski ya Blu-ray ya mwaka 2006 yenye picha ya mistari 1,080, ziliuondoa ukungu huo, na zilipouondoa zikaifichua mikwaruzo, madoa na mitikisiko ambayo kaseti ilikuwa imeifunika.

Pamoja na uwazi wa picha yakaja mazoea mapya ya kutazama. Mtazamaji wa ukumbini hubebwa na filamu kama abiria, lakini mwenye deki nyumbani huweza kuisimamisha picha, kuirudisha nyuma, kulitazama tukio lile lile mara tatu usiku mmoja, kisha kuirudia filamu nzima baada ya miaka kumi na kuikuta imebadilika kwa sababu yeye mwenyewe amebadilika. Amekuwa kama msomaji wa kitabu, ambaye hurudi kwenye ukurasa alioupenda na kuuona upya. Jicho la namna hiyo ndilo lililoufanya ukarabati kuwa wa lazima, na ndilo pia linaloujaribu, kwa kuwa mshono mbaya unaopita bila kuonekana katika ukumbi wenye watu mia tano hauwezi kujificha mbele ya mtu mmoja anayetazama kwa makini.

Kisa kinachouonyesha ufundi huu kwa ukamilifu ni kile cha filamu tatu za Satyajit Ray, mwana wa Bengali nchini India, ambazo hujulikana kwa pamoja kwa jina la mhusika wao, Apu: Pather Panchali ya 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo alipoanza kuipiga ya kwanza, fedha zikamwishia mara kadhaa, akaweka rehani vito vya mkewe, na hatimaye ikabidi serikali ya jimbo la West Bengal iingilie ili kazi ikamilike. Mpigapicha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuishika kamera ya filamu kabla ya hapo. Kutokana na umaskini huo wa vifaa ilizaliwa picha ambayo dunia haijaisahau, ya mtoto na dada yake Durga wakikimbia katika konde la nyasi ndefu zenye maua meupe ili waione treni ikipita, moshi wake mweusi ukijitandaza juu ya weupe wa maua. Katika Aparajito, ambayo sehemu yake hutokea katika mji wa Banaras, ua wa nyumba ulijengwa ndani ya studio, na Mitra, akitaka nuru laini inayoshuka kutoka mbinguni bila kutupa vivuli vikali, alitandika kitambaa cheupe juu ya ua huo na kuipitisha nuru ya taa zake kwa kuiakisi. Nuru ya namna hiyo, yenye ngazi nyingi za kijivu kati ya nyeusi na nyeupe, ndiyo huwa ya kwanza kufa filamu inaponakiliwa vibaya, kwa kuwa nakala mbovu hubakiza weusi na weupe na kuyameza yote yaliyo katikati.

Mwaka 1992 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilimtunuku Ray tuzo ya heshima akiwa amelazwa hospitalini Kolkata, wiki chache kabla ya kufariki kwake tarehe 23 Aprili. Maandalizi ya tuzo hiyo yaliweka wazi jambo la kuhuzunisha, kwamba nakala nzuri za kazi zake zilikuwa adimu mno. Iliamuliwa kwamba negativi za asili zikarabatiwe. Negativi ni ule ukanda uliopita ndani ya kamera yenyewe siku ya kupiga picha, ambao kutokana nao nakala zote nyingine huchapwa, na kwa hiyo hubeba undani usiopatikana kwingine kokote. Zilisafirishwa hadi kwenye maabara moja jijini London, na huko, mwezi Julai 1993, moto wa kanda za nitrati ulizuka na kuziunguza.

Kilichofuata hakikuwa na sauti wala sherehe, lakini bila hicho kusingekuwa na kisa cha kusimulia. Mabaki ya kanda hizo, yaliyoungua, kuyeyuka kingo na kugandamana, hayakutupwa. Yalipelekwa katika hifadhi ya filamu ya taasisi hiyo hiyo ya Oscar mjini Los Angeles, yakawekwa rafuni kwa takriban miaka ishirini, ingawa wakati huo hapakuwa na mashine wala mbinu ya kuyafanya yawe na faida. Mtunzaji wa hifadhi ni nusu ya ufundi huu, na sifa zake zatokana na kukataa kuhukumu mapema kwamba kitu fulani kimekwisha kufa.

Mwaka 2013 kampuni ya Criterion Collection ya Marekani, inayotoa filamu za kale katika diski, ilishirikiana na hifadhi hiyo kuyafungua makopo, na mabaki yakapelekwa Bologna nchini Italia, katika maabara ya L'Immagine Ritrovata, mojawapo ya karakana zinazoheshimiwa zaidi duniani katika kazi hii. Mafundi wa huko walitumia karibu saa 1,000 za kazi ya mikono kabla kompyuta haijaguswa. Waliurudishia unyevu ukanda uliokauka na kuwa kama jani la kiangazi, wakabandua gundi, nta na tepu zilizoyeyuka juu yake, kisha wakayajenga upya, moja baada ya jingine, matundu madogo ya pembeni ambayo meno ya mashine huyashika ili kuusogeza ukanda mbele. Baada ya hapo kila fremu, yaani kila picha moja tuli kati ya zile 24 zinazopita katika sekunde moja, ilipigwa skani kwa upana wa pikseli 4,000 hivi. Pather Panchali ina urefu wa dakika 125 hivi, hesabu inayofikia fremu 180,000. Mwishowe ilionekana kwamba asilimia 40 ya negativi ya filamu hiyo na zaidi ya asilimia 60 ya ile ya Aparajito zinafaa, ilhali ya Apur Sansar haikufaa kabisa. Mapengo yalijazwa kwa nakala bora zilizopatikana katika hifadhi mbalimbali, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, na kazi ya kusafisha kwa kompyuta ikachukua karibu miezi sita zaidi. Mwezi Mei 2015 filamu zilionyeshwa New York katika jumba la makumbusho la MoMA, pale pale ambapo Pather Panchali ilionyeshwa kwa mara ya kwanza miaka 60 kabla, na mwishoni mwa mwaka huo zikatoka katika diski.

Anayeziweka diski hizo katika deki yake leo haoni dalili ya moto. Huona mikunjo ya uso wa bibi mzee Indir, wadudu wanaotembea juu ya maji ya bwawa, na nuru ya kitambaa cha Mitra ikiteremka juu ya kuta za ua. Huona pia mshtuko mdogo pale picha inapohama kutoka negativi ya asili kwenda katika nakala, kwa kuwa undani hupungua kidogo, na mafundi hawakujaribu kuficha tofauti hiyo kwa hila. Hapo ndipo penye heshima ya kazi yao.

Ufundi huu una upande mwingine unaofanana na kazi ya wahariri wa tendi za Kiswahili, ambao huikusanya miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, wakailinganisha ubeti kwa ubeti, na kuamua kwa ushahidi ni upi uliodondoka na ni upi uliopachikwa. Kwa mfano, filamu ya Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin Januari 1927, na baada ya miezi michache wasambazaji wakaikata, hivi kwamba kwa miaka 80 haikuwahi kuonekana tena kwa ukamilifu. Mwaka 2008 katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, Ajentina, ilipatikana nakala ya milimita 16 yenye takriban dakika 25 zilizokuwa zimepotea. Wakarabati walijua pa kuziweka kwa sababu nota za muziki ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya filamu hiyo zilikuwa na alama za matukio, na muziki ukawa shahidi wa picha. Nakala hiyo ilikuwa imekwaruzwa vibaya, tena mikwaruzo ikiwa imechapwa ndani ya picha zenyewe, na ukubwa wa fremu yake ulikuwa umepunguzwa. Wakarabati waliisafisha kadiri ilivyostahimili, kisha wakaiacha ionekane ilivyo, yenye michirizi na ukingo mweusi, ili mtazamaji ajue ni wapi kitambaa cha asili kinaishia na kiraka kinaanzia. Vivyo hivyo La Passion de Jeanne d'Arc ya Carl Dreyer ya mwaka 1928, ambayo negativi yake iliteketea mwaka huo huo, nakala yake ilikutwa mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norway, na kwa kupatikana huko dunia ikarudishiwa mojawapo ya nyuso kuu za sinema.

Lililo gumu kuliko yote, hata hivyo, ni kuuzuia mkono. Kompyuta ya leo huweza kufanya mengi: katika The Red Shoes ya Powell na Pressburger ya mwaka 1948, iliyopigwa kwa mfumo wa Technicolor wa negativi tatu zinazogawana rangi, ziliskaniwa zaidi ya fremu nusu milioni, ukungu uliokuwa umeota juu yake ukaondolewa, na kanda tatu zilizosinyaa kwa viwango tofauti zikapatanishwa tena. Lakini kompyuta hiyo hiyo huweza kuifuta filamu huku ikidai kuisafisha. Zile chembe za fedha zilizotajwa hapo awali huonekana katika picha kama vumbi laini linalochezacheza, nazo ndizo picha yenyewe. Anayezifuta ili kumpendeza mnunuzi aliyezoea ulaini wa runinga mpya hufuta pamoja nazo vinyweleo, nyuzi za nguo na mikunjo ya macho, na waigizaji wakabaki na nyuso za nta. Rangi nazo zina kishawishi chake. Mwaka 2009 mwongozaji William Friedkin aliitoa The French Connection yake ya 1971 katika diski akiwa amezibadilisha rangi zake, mpigapicha wake Owen Roizman akapinga hadharani, na mwaka 2012 likatoka toleo jingine lililorudi karibu na rangi za zamani. Kisa hicho chafundisha kwamba hata mwenye kazi anaweza asijue pa kukomea.

Mafundi wa nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu wanalifahamu somo hili kwa njia yao. Kuta za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huvuta unyevu na kuutoa kama kitu kinachopumua. Anayezipiga lipu ya saruji kwa nia njema ya kuziimarisha huufungia unyevu ndani, na ukuta uliosimama karne mbili huanza kumomonyoka kutoka moyoni. Fundi mjuzi huchanganya chokaa, hungoja, hufuata ukuta unavyotaka. Mkarabati wa filamu ni ndugu wa fundi huyo, kwa kuwa wote wawili wameelewa kwamba kitu cha kale hakiponywi kwa kufanywa kipya.

Barani Afrika kazi hii imechelewa, lakini imeanza. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, ya mwaka 1973, ilikarabatiwa mwaka 2008. Mwaka 2017 shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, liliungana na UNESCO na taasisi ya The Film Foundation iliyoasisiwa na Martin Scorsese katika mpango wa kuzitafuta na kuzirejesha filamu za bara hili, na kwa juhudi hizo Sambizanga ya Sarah Maldoror ya mwaka 1972, inayohusu mapambano ya ukombozi wa Angola, imerudi kuonekana kwa rangi zake. Afrika Mashariki bado ina deni. Filamu nyingi zilizopigwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 zimepotea, na ingawa zilitengenezwa kwa macho ya mkoloni, sura na mashamba yaliyomo yalikuwa ya watu wa nchi. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyotengenezwa Tanzania, na Kolormask ya Sao Gamba wa Kenya ya mwaka 1986, ni kazi ambazo kijana wa leo anastahili kuziona kwa uwazi ule ule anaoionea filamu ya Ray.

Ukarabati huanza mbali na maabara, mikononi mwa yeyote aliyerithi kopo la filamu kutoka ukumbi uliofungwa, gari la sinema lililozunguka vijijini, au sanduku la mzazi aliyefariki. Hali ya hewa ya pwani ni adui mkubwa wa kanda hizo. Kopo liondolewe darini na katika joto, liwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Likifunguliwa na kunukia siki, litengwe na mengine, kwa kuwa mvuke wake huyaambukiza. Na hata baada ya kunakiliwa katika kompyuta, ukanda wa asili usitupwe, kwa maana mashine za kesho zitauona undani ambao za leo haziuoni. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Makopo yaliyotoka London yalikaa rafuni miaka ishirini yakiwa hayana faida kwa yeyote, na ndani yake ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya Aparajito. Aliye na ukanda wa filamu, hata ulioungua, autunze.